Kupinga Matokeo ya Urais Kenya: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mlangoni mwa Kituo hadi Mahakama ya Juu

Kifungu cha 140 cha Katiba ya Kenya kinatoa siku 7 za kufungua kesi ya kupinga ushindi wa rais mteule, na siku 14 za Mahakama ya Juu kuisikiza na kuiamua. Siku ya 15 haipo. Hakuna ombi la kuongezewa muda, hakuna rufaa, wala jaji mwenye mamlaka ya kusimamisha saa hiyo, hata wakili akiugua au sava ikikwama. Kwa hiyo anayetaka kupinga matokeo huanza kukusanya ushahidi usiku wa kuhesabu kura, kabla hajajua kama atakuwa na kesi. Kesi za aina hii hufia hapo mara nyingi kuliko mbele ya majaji.

Mwongozo huu ni wa wakala wa chama, mlalamishi na mawakili wake, mwandishi wa habari, na mwananchi anayetaka kujua kwa nini rais mteule anaapishwa leo badala ya wiki ijayo.

Kwa nini muda ni mfupi hivi

Kabla ya Katiba ya 2010, kupinga urais kortini kulikuwa kama kupeleka barua kwa mtu aliyehama. Kenneth Matiba alipinga ushindi wa Daniel arap Moi wa 1992. Kesi ikatupwa kwa sababu hakuitia sahihi kwa mkono wake, ilhali alikuwa ameugua kiharusi na mkewe ndiye aliyetia sahihi kwa niaba yake. Mwai Kibaki alipinga uchaguzi wa Desemba 1997. Majaji wakasema Moi alipaswa kukabidhiwa karatasi za kesi ana kwa ana, jambo ambalo kwa rais mwenye walinzi wale halikuwezekana. Mahakama ya Rufaa ilipofunga jalada hilo Desemba 1999, karibu miaka miwili ya muhula ilikuwa imeyoyoma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, upande wa Raila Odinga ulikataa katakata kwenda mahakamani, na ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Siku 14 ni jibu la historia hiyo.

Nchi nyingine zimejibu kwa namna zao. Malawi haikuwa na ukomo kama huu: watu walipiga kura tarehe 21 Mei 2019, mahakama ikafuta uchaguzi tarehe 3 Februari 2020, marudio yakafanyika tarehe 23 Juni 2020, na muda wote huo aliyepingwa alikuwa ikulu. Tanzania ndiyo kinyume kabisa, kwani Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais baada ya tume kumtangaza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Yanayofuata hapa ni ya Kenya peke yake. Usiyahamishe kuvuka mpaka.

Hesabu ya siku, na jinsi Jumanne moja inavyoweza kula wiki nzima

Shika kanuni tatu za kuhesabu. Siku tukio lilipotokea haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili katikati zinahesabiwa kama siku nyingine yoyote. Muda ukiishia Jumapili au sikukuu ya taifa, unasogea hadi siku inayofuata ambayo si Jumapili wala sikukuu. Yote yamo katika Kifungu cha 259.

Mlolongo ni huu: tume ya uchaguzi, IEBC, ina siku 7 baada ya uchaguzi kutangaza mshindi. Kesi inafunguliwa ndani ya siku 7 baada ya tangazo, uamuzi unatolewa ndani ya siku 14 baada ya kesi kufunguliwa, na mahakama ikithibitisha ushindi, kiapo huwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 7 tangu uamuzi. Kama hakuna kesi, kiapo ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu tangazo.

Itazame ikifanya kazi:

- 2013: tangazo Machi 9, kesi Machi 16, uamuzi Machi 30, kiapo Aprili 9.
- 2017, duru ya kwanza: tangazo Agosti 11, kesi Agosti 18, uamuzi Septemba 1. Uchaguzi ukafutwa.
- 2017, marudio: tangazo Oktoba 30, kesi Novemba 6, uamuzi Novemba 20, kiapo Novemba 28.
- 2022: tangazo Agosti 15, kesi Agosti 22, uamuzi Septemba 5, kiapo Septemba 13.

Kila mara, siku zote 7 na zote 14 zilitumika hadi ya mwisho.

Sasa chukua uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Mshindi akitangazwa Jumatatu Agosti 16 na kila upande ukitumia muda wake wote, uamuzi utakuwa Jumatatu Septemba 6 na kiapo Jumanne Septemba 14. Akitangazwa kesho yake, Jumanne Agosti 17, uamuzi utaangukia Jumanne Septemba 7, siku ya 7 itakuwa Jumanne Septemba 14, na kwa kuwa Katiba inataka Jumanne *baada ya* siku hiyo, kiapo kitasogea hadi Septemba 21. Tume ikichelewa siku moja, nchi inangoja wiki nzima. Watu wataona njama, kumbe ni kalenda.

Hatua ya kwanza: Fomu 34A, kituo kwa kituo

Matokeo ya urais yanazaliwa katika Fomu 34A, inayojazwa na afisa msimamizi wa kituo baada ya kuhesabu. Fomu 34B hujumlisha vituo vyote vya eneo bunge, na Fomu 34C hujumlisha maeneo bunge yote 290 pamoja na kura za Wakenya walio nje ya nchi. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229. Kila kituo hakizidi wapiga kura 700, hivyo shule moja yaweza kuwa na vituo vitatu au vinne, kila kimoja na nambari yake na Fomu 34A yake. Andika jina la shule bila nambari ya kituo na jedwali lako litaharibika papo hapo: utalinganisha kituo cha 1 na cha 3, uone "tofauti ya kura 212", uipeleke kortini, na wakili wa IEBC aifute kwa dakika moja. Lililo baya zaidi ni kwamba baada ya hapo majaji watazitilia shaka tofauti zako za kweli pia.

Wakala wa chama afanye haya kabla ya kuondoka kituoni:

1. Asimamie kuhesabiwa kwa kila kura. Asiporidhika, aombe kuhesabu kurudiwe palepale. Kanuni zinaruhusu marudio yasiyozidi mawili, na ombi hilo halifai kitu saa nne baadaye.
2. Kabla ya kutia sahihi, ahakikishe jina na nambari ya kituo, idadi ya walioandikishwa, kura halali za kila mgombea, kura zilizokataliwa na zile zenye mzozo. Ajumlishe mwenyewe kwa kalamu. Makosa mengi ya fomu ni ya uchovu wa saa tisa usiku: tarakimu zimebadilishana nafasi, au kura za mgombea mmoja zimeandikwa mstari wa mwenzake.
3. Asipokubali, aandike sababu kwenye nafasi iliyotengwa. Kususia sahihi peke yake hakubatilishi fomu, kwani kanuni zinasema hivyo wazi. Wakala aliyeondoka kwa hasira bila kuandika chochote amemsaidia aliyemkasirisha.
4. Adai nakala yake. Ni haki yake.
5. Apige picha fomu iliyobandikwa mlangoni, ionekane pamoja na mlango au ubao wenye jina la kituo. Picha ya fomu iliyolala mezani haioneshi ilipigwa wapi.
6. Picha zibaki kwenye simu iliyozipiga. Zikipitishwa kwenye WhatsApp hupungua ubora na kupoteza taarifa za saa, na nambari 1 na 7 kwenye picha iliyofifia zimezua ubishi usio na mwisho.

Timu ya kitaifa ilinganishe nakala tatu za kila kituo: ya wakala, ya mlangoni, na iliyo kwenye tovuti ya IEBC. Kisha ilinganishe na mstari wa kituo hicho ndani ya Fomu 34B. Zote zikilingana, achana na kituo hicho, hata kama matokeo yake yanakuuma. Zikitofautiana, weka kituo kwenye orodha, na mtafute wakala mhusika usiku uleule akiwa bado anakumbuka. Mwaka 2022 fomu karibu zote zilikuwa hadharani ndani ya siku chache, kila mtu akizijumlisha sebuleni kwake, na hilo ndilo lililobadilisha sana aina ya kesi inayoweza kushinda. Hadithi ya jumla kuhusu "kompyuta" haitoshi tena pale karatasi zenyewe zinapoonekana.

Jambo la kukumbuka: mwaka 2017 vifaa vya KIEMS, vile vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, vilituma tarakimu zilizochapwa na, kando, picha ya fomu. Tarakimu zilifika, picha nyingi hazikufika kwa wakati. Mwaka 2022 tume iliacha kutuma tarakimu, ikatuma picha tu, na kujumlisha kukafanywa Bomas of Kenya, kituo cha kitaifa cha kujumlisha, kwa fomu zenyewe. Ukisoma mifano ya kesi ya 2017, jua mfumo ule si huu.

Hatua ya pili: amua unapinga nini

Mahakama hupokea hoja za aina mbili, na kuzichanganya bila mpango ni njia ya uhakika ya kupoteza zote.

Ya kwanza ni hoja ya hesabu: kwamba mshindi hakupata kura zinazotakiwa. Kifungu cha 138 kinataka zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Mahakama iliamua 2013 kwamba zinazohesabiwa ni kura halali tu, zilizokataliwa haziingii.

Kabla ya kuchukua njia hii, piga hesabu ya kinachohitajika. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Waihiga Mwaure 31,987. Jumla ni 14,213,027, na nusu yake ni 7,106,513.5. Kumshusha Ruto chini ya nusu kwa kuonesha kura zake zilikuwa za mwenzake, ungehitaji kuthibitisha kura 69,628. Kama madai ni kwamba kura hewa ziliongezwa na zinafaa kufutwa, hesabu inapanda, kwa kuwa jumla nayo inashuka: ungehitaji kufuta 139,255. Sasa gawanya kwa vituo. Tofauti ya kura 20 kwa kituo inadai vituo karibu 3,500 kwa njia ya kwanza na karibu 7,000 kwa ya pili, kila kimoja na ushahidi wake. Mlalamishi mwenye vituo 40 vyenye kasoro hana kesi ya hesabu, ana kesi ya namna nyingine au hana kabisa.

Kiwango cha uthibitisho nacho ni kigumu. Kwa madai ya kawaida, mlalamishi anatakiwa kuthibitisha kwa kiwango kilicho juu ya kile cha kesi za madai lakini chini ya kile cha jinai. Kwa hoja ya takwimu, kama ile asilimia 50 na kura moja, Mahakama ya Juu inataka uthibitisho usioacha shaka yoyote ya maana.

Ya pili ni hoja ya mwenendo: kwamba uchaguzi haukufuata Katiba na sheria, hasa Vifungu vya 81 na 86 vinavyotaka mfumo ulio sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na uwazi. Hapa mlango ni Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi. Mwaka 2017 majaji wanne dhidi ya wawili walikisoma kuwa na milango miwili. Uchaguzi unaweza kuanguka kwa kukiuka kanuni za Katiba hata bila kuonesha kura ngapi ziliathirika, au kwa kasoro zilizoathiri matokeo. Uhuru Kenyatta alikuwa ametangazwa kwa kura 8,203,290 dhidi ya 6,762,224 za Raila, tofauti ya zaidi ya 1,400,000, na bado uchaguzi ulifutwa. Si kwa sababu hesabu mpya ilipatikana, bali kwa sababu njia iliyotoa hesabu ile haikuweza kukaguliwa. Matokeo yalitangazwa kabla Fomu 34A zote hazijafika, na Fomu 34C yenyewe haikuwa na alama za usalama.

Usidanganyike kuwa mlango huu ni mpana. Kasoro ndogondogo za kibinadamu hazitoshi. Lazima ziwe nzito na zilizosambaa. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba wa IEBC waliojitenga na matokeo saa ya mwisho walionekana na wengi kama silaha kubwa. Majaji walisema hawakuleta hati wala hoja iliyoonesha kwamba matokeo yenyewe yalivurugwa.

Malalamiko ya kabla ya uchaguzi, kama vile mgombea kuidhinishwa au kukataliwa, yana mahali pake: kamati ya migogoro ya IEBC, kisha Mahakama Kuu. Ukiyangoja hadi mshindi atangazwe, utaambiwa umechelewa na umekosea nyumba.

Hatua ya tatu: kuandika na kufungua kesi

Katiba inasema "mtu" anaweza kufungua kesi, si lazima awe mgombea. Mwaka 2013 shirika la kiraia lilifungua yake, na Novemba 2017 watetezi wa haki za binadamu walifanya hivyo. Walalamikiwa huwa watatu: IEBC, mwenyekiti wake kama afisa anayetangaza matokeo ya urais, na rais mteule.

Dhamana ya gharama ni Sh1,000,000, juu ya ada ya mahakama. Fedha hizi ziwe tayari kabla ya siku ya 7, kwa njia ya malipo iliyokubaliwa na Msajili wa Mahakama, maana uhamisho wa benki unaokwama Ijumaa jioni hautambui Katiba.

Saa ya kufunga nayo ni mtego. Mwaka 2017 NASA, muungano wa Raila, ulifungua kesi karibu saa nne usiku wa siku ya mwisho. Kabla ya 2022 kanuni zilibadilishwa, na mlango sasa unafungwa saa nane mchana wa siku ya 7. Kesi hufunguliwa kwa mtandao pamoja na nakala za karatasi. Lenga kumaliza asubuhi, kwa kuwa kurasa maelfu zinazopakiwa na walalamishi wanane kwa wakati mmoja hukwamisha mfumo wowote.

Ombi lenyewe liwe fupi kuliko unavyotamani. Taja uchaguzi, mshindi aliyetangazwa, sababu moja moja kwa nambari, na unachoomba: kufutwa kwa tangazo, uchaguzi mpya, au tamko jingine. Nguvu yote iko kwenye hati za kiapo. Hapa ndipo mawakili wazuri hutofautiana na wenye kelele:

Anayeapa aseme alichokiona mwenyewe. "Nimeambiwa na wakala wetu wa Mandera" ni uvumi. Mwite wakala wa Mandera aape.

Viambatisho vyote viwe na nambari na muhuri wa kamishna wa viapo. Kurasa zisizo na muhuri zimewahi kuondolewa kwenye majalada ya uchaguzi kwa ombi la ukurasa mmoja.

Picha, video, jedwali la kompyuta na kumbukumbu za sava vinahitaji cheti chini ya Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichotiwa sahihi na mtu aliyesimamia kifaa kilichozitoa. Bila cheti, video iliyotazamwa na mamilioni ya watu haina uzito kortini.

Na usilete usichoweza kukitetea. Mwaka 2022 kumbukumbu za sava zilizowasilishwa kuonesha udukuzi zilikaguliwa na Mahakama ikasema baadhi zilikuwa za kughushi. Kiapo cha uongo ni jinai, na zaidi ya hayo kinachafua kila karatasi iliyo nyuma yake.

Wakabidhi walalamikiwa nyaraka siku ileile ya kufungua kesi. Wao wana siku 4 za kujibu tangu wapokee, na kila saa unayochelewa inapunguza muda wako wa kusoma majibu yao. Mkosi wa Kibaki hauna nafasi tena: sheria ya sasa inakubali njia za kielektroniki. Lakini weka ushahidi wa kila makabidhiano, kwa saa na dakika.

Kosa la 2013 ni la kubandika ukutani. Upande wa Raila ulileta hati kubwa ya kiapo ya nyongeza baada ya majibu kuwasilishwa. Majaji waliikataa yote, kwa kuwa siku zilizobaki zisingewapa wapinzani nafasi ya kuijibu. Ushahidi wako bora uingie pamoja na kesi siku ya kwanza. Mlango wa nyongeza ni kama haupo.

Hatua ya nne: ombi la kufungua sava na masanduku

Ombi hili liende pamoja na kesi, lisingoje kikao cha maandalizi. Mahakama haitoi ruhusa ya kuvua samaki. Inataka ujue unachotafuta na kilipo. Taja vituo kwa nambari. Taja aina ya kumbukumbu: nani aliingia kwenye mfumo, saa ngapi, kutoka anwani gani, kati ya tarehe zipi. Taja wataalamu wako kwa majina, na utaratibu wa kulinda siri za wapiga kura.

Mwaka 2017 Mahakama iliamuru IEBC itoe nafasi ya kusoma sava bila kuibadilisha, na kuleta fomu asilia zikaguliwe mbele ya Msajili. Tume haikutekeleza amri ya sava kikamilifu, na majaji wengi walichukulia kwamba kilichofichwa kingemuumiza aliyekificha. Ombi lililoandikwa vizuri lina faida mbili kwa sababu hiyo: likitekelezwa unapata ushahidi, na likipuuzwa unapata hoja.

Mwaka 2022 masanduku ya vituo 15 yalifunguliwa na sava ikakaguliwa. Madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani kati ya kituo na tovuti yalianguka, kwani fomu asilia, nakala na picha za tovuti zililingana. Ndiyo hatari ya hatua hii, na kila mlalamishi aipime: ukaguzi unaweza kumpa mpinzani wako cheti cha usafi.

Ukaguzi hufanywa usiku na mchana, chini ya Msajili, kila upande na mawakala wake, na ripoti hutoka zikiwa zimebaki siku mbili tatu. Timu yako iwe na watu wa zamu. Wataalamu watatu waliochoka hawawezi kusoma kumbukumbu za wiki moja.

Siku ya 8 hadi ya 14

Siku ya 8 tangu kesi kufunguliwa ni kikao cha maandalizi. Kesi zinaunganishwa, maombi yanaamuliwa, masuala ya kuamua yanaorodheshwa, muda wa kuzungumza unagawanywa. Mwaka 2022 kesi saba ziliunganishwa na masuala yakawa tisa. Ukiwa na kesi ndogo ndani ya kundi kubwa, dakika zako zitakuwa chache, hivyo chagua suala moja ambalo hakuna mwingine amelishika vizuri.

Kusikizwa huchukua takriban siku tatu. Mashahidi hawahojiwi kizimbani. Mawakili huzungumza juu ya hati zilizokwisha kuwasilishwa. Nani azungumzie nini liamuliwe kabla, na mtu wa takwimu akae nyuma ya wakili, maana swali gumu la jaji karibu kila mara huwa la nambari.

Majaji ni saba na akidi ni watano. Jambo hili lisionekane dogo. Tarehe 25 Oktoba 2017, mkesha wa marudio, kulikuwa na ombi la kuahirisha uchaguzi. Waliofika ni Jaji Mkuu David Maraga na Jaji Isaac Lenaola peke yao, ombi halikusikizwa, na kura zikapigwa kesho yake. Ombi la dakika ya mwisho halitegemei sheria tu. Linategemea viti vitano kukaliwa asubuhi hiyo.

Kesi haiondolewi bila ruhusa ya Mahakama, kwa hiyo mapatano ya kisiasa ya pembeni hayaimalizi yenyewe.

Nani anatawala wakati huu

Rais aliyepo anaendelea, kwa mamlaka yaliyopunguzwa na Kifungu cha 134: tangu siku ya kura hadi mpya aapishwe, hawezi kuteua majaji, kuteua au kufuta mawaziri na mabalozi, kutoa msamaha kwa wafungwa wala kutunuku nishani. Hata akiwa ndiye aliyechaguliwa tena, mipaka ni hiyohiyo. Kuanzia Agosti hadi Novemba 2017 nchi iliendeshwa hivyo kwa takriban miezi mitatu na nusu.

Baada ya uamuzi

Uamuzi husomwa kwa ufupi siku ya 14, sababu kamili hufuata. Zilitoka tarehe 16 Aprili mwaka 2013, 20 Septemba mwaka 2017 na 26 Septemba mwaka 2022. Usiandike uchambuzi wa kina kabla ya kuzisoma, na kura za majaji waliopinga zisome pia. Za 2017 zilijadili fomu zilezile na kufikia mahali tofauti kabisa. Katika kesi hizo tatu kubwa kila upande uliambiwa ubebe gharama zake, lakini hilo ni hiari ya Mahakama, si kanuni.

Mahakama ikifuta uchaguzi, marudio ni ndani ya siku 60, kwa maagizo yaleyale ya sheria yaliyokiukwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 siku ya 60 ilikuwa Oktoba 31. IEBC ilipanga Oktoba 17, ikasogeza hadi Oktoba 26, kwa sababu vifaa na mfumo wa teknolojia vilihitaji kutayarishwa upya, na sababu kamili za hukumu zilikuwa zimetoka Septemba 20 tu. Mwanzoni tume ilisema wagombea ni wawili. Ekuru Aukot, aliyegombea Agosti, akaenda Mahakama Kuu, akashinda tarehe 11 Oktoba, na karatasi ya kura ikarudisha wagombea wengine. Siku moja kabla, Raila alikuwa ametangaza kujitoa. Katika maeneo bunge 25 ya kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura hazikupigwa. Tume ikasogeza siku huko, kisha ikaacha na kutangaza matokeo bila maeneo hayo, na Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi huo tarehe 20 Novemba.

Timu inayojiandaa kwa marudio ianze kazi siku ya uamuzi, na kazi ya kwanza iwe mawakala: orodha ile ya vituo 46,000 na zaidi, majina mapya pale yaliposhindwa, na nakala tupu ya Fomu 34A ya kufanyia mazoezi mkononi mwa kila mmoja. Tangazo jipya likitoka, saa ya siku 7 inaanza upya.